Mpira na Mvua ya Radi: Maneno, Desturi na Kanuni katika Viwanja vya Kasha, Bukavu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza yanayotokea pale mchezo wa mpira wa miguu unapokutana na mvua ya radi katika nyanda za juu za Kivu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Eneo tulilolichagua kuwa mfano ni Kasha, upande wa Bagira katika mji wa Bukavu, mahali ambapo nyumba za mji hukutana na mashamba na migomba ya wilaya ya Kabare. Mahali tambarare ni haba katika mji huo wa vilima, na uwanja wa mpira ni kipande cha ardhi kilichopatikana kwa taabu begani mwa mlima. Vijana hukusanyika hapo alasiri, baada ya masomo na kazi. Wakati wa masika, alasiri hiyohiyo ndiyo saa ya radi.

Msomaji anaweza kuuliza jambo hili linahusu nini taaluma ya Kiswahili. Jibu letu lina sehemu mbili. Kwanza, uamuzi wa kuendelea kucheza au kuondoka uwanjani hutegemea jinsi watu wanavyoyaelewa na kuyatenganisha maneno matatu ya kawaida sana: umeme, ngurumo na radi. Pili, baada ya mtu kupigwa na radi, sarufi ya sentensi inayotumika kusimulia msiba wake huweza kuamua kama jamii itatafuta kinga au itamtafuta mchawi. Hoja ya makala ni kwamba desturi ya kuendelea na mpira katika mvua ilizaliwa katika nchi zenye radi chache, ikaletwa Kivu bila kurekebishwa, na kwamba Kiswahili kinayo maneno ya kutosha ya kuirekebisha.

2.0 Umeme, ngurumo na radi

Katika Kiswahili Sanifu maneno haya matatu yanahusu tukio moja, lakini kila moja linashika upande wake. Umeme ni ile nuru ya ghafla ionekanayo angani. Ni neno la jicho, na lina undugu wa sauti na maana na vitenzi kama kumemeteka na kumetameta. Ngurumo ni sauti inayofuata. Ni neno la sikio, linalotokana na kitenzi kunguruma, ambacho hutumika pia kwa simba. Radi ni pigo lenyewe, yaani umeme unapofika chini na kudhuru mtu, mnyama, mti au nyumba. Ndiyo maana twasema mtu amepigwa na radi, wala hatusemi amepigwa na ngurumo.

Historia ya neno radi inafaa kukumbukwa. Neno hili limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni sauti ya ngurumo. Sura ya 13 ya Kurani inaitwa kwa jina hilo. Kiarabu kina neno jingine, barq, kwa ile nuru. Kiswahili kilikuwa na ngurumo tayari, kwa hiyo neno lililopokewa lilisogea taratibu kutoka sauti hadi pigo. Hata leo msemaji anayesema "radi inapiga" huenda anakusudia mlio mkubwa tu, na mwingine akakusudia pigo. Utata huu hauna madhara barazani. Uwanjani una madhara, kwa sababu mchezaji anayeambiwa "radi ipo" hajui kama ameambiwa habari ya sauti iliyo mbali au ya hatari iliyofika.

Wanafunzi wa Bukavu wana msaada wa ziada hapa, kwa kuwa Kifaransa wanachosomea shuleni kina utatu uleule: éclair kwa nuru, tonnerre kwa sauti, na foudre kwa pigo. Mwalimu anaweza kuziweka lugha hizi mbili ubavu kwa ubavu na kila neno likapata mwenzake. Hata hivyo, Kifaransa hichohicho kimeleta tatizo jingine. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, nguvu inayowasha taa nyumbani huitwa sana kwa neno la Kifaransa courant, na neno umeme hubaki zaidi angani. Katika Kiswahili Sanifu, kinyume chake, neno umeme hubeba maana zote mbili. Yule anayesema "umeme wa mawinguni" na "umeme wa nyumbani" amekwisha kuambiwa na lugha yake kwamba vitu hivi ni vya jamii moja: vyote viwili hupita katika chuma, maji na mwili wa binadamu. Yule aliyevitenga kwa majina mawili tofauti anahitaji kuelezwa uhusiano huo waziwazi.

Inafaa pia kutofautisha dhoruba na mvua ya radi. Dhoruba ni upepo mkali, mara nyingi pamoja na mvua, na tufani ni neno ambalo watu wa pwani hulitumia zaidi kwa dhoruba kubwa ya baharini. Vyote viwili vyaweza kutokea bila radi. Tofauti hii ndiyo msingi wa sehemu ya nne ya makala haya.

3.0 Kwa nini Kivu

Mwaka 1997 ilirushwa setilaiti iliyoitwa TRMM, iliyobeba chombo cha kuhesabu mimweko ya umeme katika nchi za joto. Wanasayansi walikusanya takwimu za chombo hicho kuanzia 1998 hadi 2013, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016 katika jarida la chama cha wataalamu wa hali ya hewa cha Marekani. Mahali pa kwanza duniani palikuwa Ziwa Maracaibo nchini Venezuela, penye mimweko ipatayo 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Mahali pa pili duniani, na pa kwanza katika Afrika, palitajwa kwa jina la Kabare, penye mimweko ipatayo 205. Katika mahali kumi pa kwanza, Kongo peke yake ilikuwa na majina kadhaa, yakiwemo Sake na Butembo katika Kivu ya Kaskazini.

Takwimu hizi zahitaji maelezo mawili ili zisitumiwe vibaya. Kwanza, setilaiti ilihesabu mimweko yote, ikiwa ni pamoja na ile inayoishia mawinguni; ni sehemu tu ya mimweko hiyo inayofika ardhini. Pili, jina la Kabare lilitumika kwa kuwa ni jina la mahali pa karibu penye watu. Kiini chenyewe kiko kwenye miteremko ya magharibi ya milima ya Mitumba, upande wa msitu, wala si juu ya kila uwanja wa Bukavu. Pamoja na hayo, anayecheza mpira Kasha anacheza jirani ya mojawapo ya vyanzo vikubwa vya radi duniani.

Sababu za hali hii si za siri. Hewa yenye unyevu mwingi hutoka katika bonde la mto Kongo, ikagonga milima na kulazimika kupanda. Mashariki ya milima hiyo lipo Ziwa Kivu, lililo kwenye kimo cha mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, nalo huongeza unyevu wake. Jua la mchana huipasha moto miteremko, hewa hupaa kwa kasi, na mawingu marefu hujengeka. Ndani ya mawingu hayo chembe za barafu hugongana na kutengana kwa chaji, mpaka hewa ishindwe kuzuia na umeme uruke. Kwa hiyo nchi kavu hupata radi nyingi kuanzia mchana hadi jioni, na ziwani radi huwa nyingi zaidi usiku, jambo ambalo wavuvi wanalijua vizuri.

Msimu wa mvua Bukavu huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, na kiangazi ni Juni hadi Agosti. Msimu wa mvua ni karibu sawa na mwaka mzima wa masomo, na saa ya radi ni karibu sawa na saa ya mechi. Mashindano ya shule na ya mitaa yamepangwa, bila mtu yeyote kukusudia hivyo, katika miezi na saa zenye hatari zaidi.

4.0 Desturi ilikotoka

Mpira wa miguu tunaoucheza uliwekewa kanuni zake jijini London mwaka 1863. Jirani yake wa karibu ni mpira wa Kigaeli wa Ireland, ambao chama chake kiliundwa katika mji wa Thurles mwaka 1884. Katika mpira wa Kigaeli kila timu huwa na wachezaji 15, na mpira huchezwa kwa mikono na miguu. Goli lina umbo la herufi H: mpira ukipita juu ya mwamba timu hupata pointi, na ukiingia wavuni chini ya mwamba hupata pointi tatu.

Twautaja mchezo huu kwa sababu unaonyesha vizuri desturi ya kucheza katika dhoruba. Ireland inapigwa na pepo za bahari ya Atlantiki, na wachezaji wake wamejifunza kuishi nazo. Nahodha anayeshinda kura ya sarafu mara nyingi huamua kwanza kuhusu upepo: kama timu yake itasukumwa nao katika kipindi cha kwanza au cha pili. Timu inayocheza dhidi ya upepo huacha mipira mirefu ya juu, ikapitisha mpira kwa mikono, karibu karibu, na kwa subira. Timu yenye upepo mgongoni hujaribu mashuti ya mbali na kukusanya pointi kabla ya mapumziko. Uwanja ukilowa, mpira huwa mzito na kuteleza, na mwenye miguu imara humshinda mwenye mbio. Huu ni ujuzi halisi, na kuheshimu mvua kwa namna hiyo ni sehemu ya utu uzima wa mchezaji.

Lakini katika visiwa hivyo ngurumo husikika siku chache tu kwa mwaka. Dhoruba yao ni upepo na maji. Kwa mchezaji wa huko, kukimbia mvua ni uvivu, na msemo wa kwamba mvua haivunji mchezo hauna kosa. Mpira ulipoletwa Kongo na Wabelgiji, desturi hiyo ilikuja pamoja nao. Vijana wa Bukavu waliokuwa wakiitazama timu ya OC Muungano au Bukavu Dawa katika uwanja wa Concorde, Kadutu, walijifunza kwamba timu ya kweli haitishwi na matope. Funzo hilo ni zuri kuhusu matope, lakini halikusema lolote kuhusu radi, kwa kuwa waliolianzisha hawakuwa na sababu kubwa ya kuifikiria. Hapa ndipo dhoruba na mvua ya radi zilipochanganywa, na ujasiri unaofaa kwa moja ukatumiwa kwa nyingine.

5.0 Jinsi radi inavyodhuru uwanjani

Wengi hudhani kwamba radi huua kwa kumshukia mtu kichwani moja kwa moja. Hiyo ni njia mojawapo, na si ya kawaida. Njia nyingine ni hizi zifuatazo.

(a) Mguso. Radi hupiga mlingoti wa goli, uzio wa waya au bomba, na aliyeshika kitu hicho huipokea.

(b) Mruko wa pembeni. Radi hupiga kitu kirefu, kisha sehemu yake huruka kuelekea mtu aliye karibu. Hii ndiyo hatari ya kujikinga chini ya mkaratusi, mti ambao umejaa katika vilima vya Kivu na ambao watazamaji huukimbilia mara tone la kwanza linapoanguka.

(c) Mkondo wa ardhini. Radi ikifika chini haikomei hapo. Husambaa katika udongo pande zote, nguvu yake ikipungua kadiri inavyokwenda mbali. Mtu aliyesimama miguu ikiwa imeachana ana mguu mmoja katika ardhi yenye nguvu kubwa na mwingine katika ardhi yenye nguvu pungufu, na tofauti hiyo husukuma umeme upande mguu mmoja na kushuka mwingine. Wataalamu hukadiria kwamba karibu nusu ya majeraha ya radi hutokana na njia hii. Ndiyo pia sababu ng'ombe hufa kwa wingi kwa pigo moja: miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana.

(d) Mkondo wa kupanda. Kabla ya pigo, chaji hupanda kutoka kwenye vitu vilivyo ardhini kuelekea wingu. Mtu anaweza kudhuriwa na mkondo unaopanda kutoka mwilini mwake hata kama radi yenyewe itapiga mahali pengine.

Uwanja wa mpira unazikusanya njia hizi zote. Ni mahali wazi, wachezaji ndio virefu kuliko vitu vingine vilivyopo, ardhi imelowa, na miguu ya mkimbiaji imeachana daima. Mkondo wa ardhini ndio unaoeleza lile jambo ambalo huwashangaza watu, yaani kuona wachezaji wengi wakianguka kwa mara moja bila yeyote kuonekana akipigwa. Nguvu hiyo hutegemea umbali kutoka mahali pa pigo, unyevu wa udongo pale mtu aliposimama, na jinsi alivyosimama. Kwa hiyo watu wawili walio hatua chache kati yao wanaweza kupata majaliwa tofauti kabisa.

6.0 "Amepigwa na radi" na "ametumiwa radi"

Mwezi Oktoba 1998 gazeti la L'Avenir la Kinshasa lilitoa habari iliyoenea duniani kote. Ilisema kwamba katika jimbo la Kasai, wakati wa mechi kati ya vijiji vya Bena Tshadi na Basanga, timu zikiwa sare ya 1–1, radi iliwaua wachezaji 11 wa timu moja na kuwaunguza watu wengine wapatao 30. Wachezaji wa timu ya wenyeji, Basanga, walisemekana kutoka salama. Kongo ilikuwa vitani tangu Agosti mwaka huo na habari haikupata uthibitisho wa kujitegemea. Lakini tafsiri iliyoambatana nayo ilikuwa ya haraka: watu walisema ni uchawi, kwani radi gani huchagua jezi? Siku hizohizo, tarehe 25 Oktoba 1998, radi ilipiga mjini Johannesburg wakati wa mechi ya ligi kati ya Jomo Cosmos na Moroka Swallows. Wachezaji kadhaa walianguka wakijishika, lakini hakuna aliyefariki.

Sehemu iliyotangulia imeonyesha kwamba pigo lisilo na usawa si ajabu katika elimu ya umeme. Hapa tunataka kuangalia lugha. Sentensi "amepigwa na radi" ina kitenzi katika kauli ya kutendwa, na mtenda ametajwa: ni radi. Habari imekamilika. Lakini katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki na Kongo husikika sentensi nyingine: "ametumiwa radi". Kitenzi tuma kimetiwa kiambishi cha kutendea, kisha cha kutendwa. Katika umbo hili radi imeshuka cheo kutoka mtenda hadi kitumwacho, kama barua au mzigo, na nafasi ya mtumaji imebaki wazi. Sarufi yenyewe inauliza swali: ametumiwa na nani? Mara swali likishaulizwa, mtu wa kulijibu hupatikana, na mara nyingi ni mzee, mjane au jirani aliyekuwa na ugomvi. Kivu imeona watu wakihukumiwa na umati kwa tuhuma za uchawi. Pigo moja la radi linaweza basi kuua mara mbili: mchezaji uwanjani, na mtuhumiwa kijijini.

Hatusemi kwamba lugha ndiyo iliyoumba imani hiyo, wala kwamba kubadili kitenzi kutaifuta. Imani ya radi ya kutumwa inajibu swali zito ambalo sayansi hailijibu, nalo ni kwa nini fulani na si mwingine. Ni swali la mfiwa, na linastahili heshima. Tunachosema ni kwamba mwalimu, mtangazaji wa redio na kiongozi wa timu wana uchaguzi kila wanapotoa habari, na "amepigwa na radi" ni chaguo linaloacha nafasi ya kuuliza swali jingine lenye faida: alikuwa wapi, na kwa nini mchezo haukusimamishwa?

Imani hii ina madhara mengine pia. Pengine watu huogopa kumgusa aliyepigwa, wakidhani bado ana nguvu ya radi au ya dawa. Mwili wa binadamu haubaki na umeme. Aliyepigwa anaweza kuguswa mara moja, na kuguswa huko ndiko kunakoweza kumwokoa. Radi huua kwa kusimamisha moyo na pumzi, na mara nyingi moyo uko tayari kurudi kama utasaidiwa. Asiyepumua akandamizwe katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na apuliziwe pumzi na anayejua kufanya hivyo, mpaka msaada ufike. Iwapo wameanguka wengi, wanaoonekana kama wamekufa ndio wahudumiwe kwanza. Wanaolia na kujongea wana uwezekano mkubwa wa kupona.

7.0 Kanuni kwa mwamuzi na mwalimu wa timu

Kanuni ya 5 ya mpira wa miguu humpa mwamuzi mamlaka ya kusimamisha mchezo au kuuvunja, na humkinga na lawama anapoamua kwamba hali ya hewa inaruhusu au hairuhusu mechi. Haimpi kipimo cha radi. Kipimo hicho kinatoka katika elimu ya sauti.

Nuru hufika machoni papo hapo, na sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde 3. Ukiuona umeme kisha ukahesabu sekunde 9 kabla ya kusikia ngurumo, pigo lilikuwa umbali wa kilomita 3 hivi. Kanuni iliyozoeleka ilisema kwamba hesabu ikiwa chini ya sekunde 30, yaani kilomita 10, watu waondoke, na wasirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Siku hizi wataalamu wameifupisha sehemu ya kwanza, kwa sababu ngurumo kwa kawaida haisikiki mbali zaidi ya kilomita 15 hivi, na radi yaweza kupiga kilomita 10 au zaidi kutoka mahali panaponyesha. Kwa lugha ya sehemu yetu ya pili, kanuni yote yaweza kusemwa hivi: umeme ni taarifa, ngurumo ni amri, na radi haingojewi. Ngurumo ikisikika, uwanja uachwe, hata kama jua linawaka juu ya goli.

Kuchelewa kuna gharama. Tarehe 3 Novemba 2024 huko Chilca, Peru, mwamuzi alikuwa amekwisha kuusimamisha mchezo na wachezaji walikuwa wakitoka taratibu. Radi ikapiga, na mmoja wao akafariki. Kwa upande mwingine, tarehe 28 Juni 2025 huko Charlotte, Marekani, mechi ya Kombe la Dunia la Vilabu kati ya Chelsea na Benfica ilisimamishwa zikiwa zimebaki dakika chache, ikangojewa karibu saa mbili, kisha ikamalizwa. Vilabu vyenye fedha na mashabiki wengi vilitii kanuni ileile ambayo kijana wa Kasha anaweza kuitekeleza kwa masikio yake tu.

Tatizo kubwa la Kasha ni pa kwenda. Kinga ya kutegemewa ni jengo kubwa la kudumu lenye mabomba na nyaya ndani ya kuta, au gari lililofungwa lenye bodi ya chuma. Kibanda cha nyasi, turubai na veranda si kinga. Tarehe 27 Agosti 2020 huko Arua, Uganda, watoto 10 waliuawa na radi ndani ya kibanda walimojikinga baada ya kuacha mpira. Hata darasa lisilo na kingaradi haliaminiki: tarehe 28 Juni 2011 katika shule ya msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda, radi iliwaua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Nchini Rwanda, tarehe 10 Machi 2018, waumini wasiopungua 15 waliuawa kanisani katika wilaya ya Nyaruguru. Shirika la ACLENet, lenye makao yake Kampala, limekuwa likifundisha shule za Uganda na kuziwekea vingaradi, na kazi ya namna hiyo ingestahili kufanywa Kivu.

Mpaka hapo kinga zitakapopatikana, ratiba ndiyo kinga ya bei nafuu kuliko zote. Kwa kuwa radi ya nchi kavu hujengeka kuanzia mchana, mechi za msimu wa mvua zichezwe asubuhi, na fainali ziwekwe kiangazi kila inapowezekana. Kabla ya mpira kuanza, mwalimu wa timu aamue na kutangaza jengo au gari litakalokimbiliwa, na mtu mmoja asiyecheza apewe kazi ya kusikiliza ngurumo. Iwapo hakuna jengo, watu waondoke begani mwa mlima, wakae mbali na miti, milingoti na nyaya, watawanyike badala ya kukumbatiana, na wasilale chini. Kusimama miguu pamoja hupunguza mkondo wa ardhini, hakuuondoi.

8.0 Hitimisho

Tumeeleza kwamba Kasha iko jirani ya mojawapo ya mahali penye umeme mwingi zaidi duniani, kwamba saa na miezi ya mpira imeangukia saa na miezi ya radi, na kwamba desturi ya kutoikimbia mvua ilitoka katika nchi ambako dhoruba ni upepo na maji. Tumeonyesha pia kwamba Kiswahili kinatenganisha nuru, sauti na pigo kwa usahihi unaotosha kujenga juu yake kanuni inayokaririka hata na mtoto wa darasa la kwanza.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Walimu wa Kiswahili wa Bukavu na kwingineko, ambao wengi wao ndio pia wanaosimamia timu za shule, wana nafasi ya kuongeza kwamba dalili ya radi ni ngurumo, na kulifundisha jambo hilo mara mbili: katika somo la msamiati, na pembeni mwa uwanja wakati mawingu yanapoanza kupanda juu ya Kabare.